Kasulu na Kibondo: mbwa mmoja, halmashauri tatu

Ukitoka Kasulu mjini kwenda Kibondo, barabara inapita Makere, inaiacha njia inayochepuka kuelekea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kisha inapanda na kushuka vilima vya Buha hadi unajikuta umeingia wilaya nyingine. Abiria aliyesinzia hatajua kuwa amevuka mipaka miwili: ametoka Halmashauri ya Mji wa Kasulu, amepita Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu, ameingia Halmashauri ya Wilaya ya Kibondo. Kila moja ina baraza lake la madiwani, mwanasheria wake, idara yake ya mifugo, bajeti yake na mamlaka yake ya kutunga sheria ndogo. Hadi mwaka 2012 eneo lote hili lilikuwa wilaya mbili tu. Mwaka huo Buhigwe ikamegwa kutoka Kasulu, na Kakonko ikamegwa kutoka Kibondo. Leo ni wilaya nne zenye halmashauri tano.

Mipaka hiyo ina uzito kwa mlipakodi na kwa mpiga kura. Mbwa anayemfuata mwenye shamba la maharage hadi upande wa pili hana habari nayo. Naandika juu ya mbwa huyo, na juu ya mtoto atakayekutana naye njiani.

Kwa miaka ya karibuni hofu ya mbwa wakali imefika hata katika miji midogo ya bara. Nyumba zenye kuta na mageti ya chuma zinapoongezeka, wanaongezeka pia mbwa wa ulinzi wenye damu ya kigeni: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel wa Afrika Kusini, na machotara wa hao wote. Anayepita uchochoroni usiku akasikia mnyororo ukiburutwa nyuma ya ukuta hupata wazo la haraka: kwa nini halmashauri isipige marufuku mbegu hizi? Nchi nyingine zimefanya hivyo, na wazo lenyewe ni jepesi kulitamka kwenye kikao. Naamini halifai kwa Kasulu wala kwa Kibondo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tujue nani ana mamlaka gani. Halmashauri za wilaya hutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Mji, kama Kasulu, unatumia Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Zote mbili ni za mwaka 1982. Rasimu huandaliwa na wataalamu, wananchi hutangaziwa ili mwenye pingamizi alitoe, madiwani huipitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiridhia, ndipo inapotangazwa katika Gazeti la Serikali. Bungeni kuna Kamati ya Sheria Ndogo inayozikagua. Kijiji nacho kina nguvu zake: halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo baada ya kuwasikiliza wanakijiji kwenye mkutano mkuu, kisha wilaya ikaidhinisha. Kwa hiyo mwenye mbwa wa Makere yuko chini ya kijiji, wilaya na nchi kwa wakati mmoja. Mwenye mbwa wa Murubona, mtaani Kasulu mjini, yuko chini ya baraza jingine la madiwani kabisa, ingawa hawa wawili huenda wakakutana kila wiki kwenye soko lilelile.

Juu ya sheria hizo ndogo zipo sheria za nchi, nazo zinaanza kwa mwenye mbwa na tabia yake. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamfanya mtu kuwa mkosaji akizembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Kifungu hicho hakiulizi mnyama ni wa mbegu gani. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inawapa madaktari wa mifugo na wakaguzi nguvu za kudhibiti maradhi, kichaa cha mbwa kikiwemo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili na kutaka hata mnyama anayelazimika kuuawa auawe bila kuteswa.

Kuna jambo la nne ambalo wenye mageti wengi hawalijui. Mahakama zetu zilirithi misingi ya sheria za kawaida za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mmoja wa misingi hiyo unasema kuwa mwenye mnyama anayejulikana kwake kuwa ni mkali anawajibika kwa madhara anayoyasababisha. Sasa fikiria kibao kile cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, TAHADHARI MBWA MKALI. Mwenye nyumba anakitundika akiamini kinamkinga. Siku mbwa akivunja uzio na kumrarua mpita njia, kibao hichohicho kinaweza kusomwa mahakamani kama ushahidi kwamba alijua. Natamani kila mtendaji wa mtaa awaeleze watu wake jambo hili, kwa sababu lingefanya watu wengi wazibe matundu ya uzio kuliko marufuku yoyote ya mbegu.

Tuwaangalie sasa waliojaribu marufuku hiyo. Mji wa Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ulipiga marufuku pit bull mwaka 1989 baada ya mashambulizi yaliyowatikisa wakazi. Jimbo lilipopitisha sheria mwaka 2004 ya kuzuia miji kubagua mbegu, Denver ilienda mahakamani, ikashinda, ikarudisha marufuku yake mwaka 2005. Jirani yake wa mashariki, Aurora, ikaweka ya kwake. Upande wa magharibi, Lakewood haikuweka. Kati ya Denver na Lakewood kuna barabara iitwayo Sheridan, na kwa miaka mingi mbwa aliyekuwa halali upande mmoja wa barabara hiyo alikuwa wa kukamatwa na kuuawa upande wa pili. Wenye mbwa wakahama nao, wakawaficha ndani, au wakawapeleka kwa ndugu ng'ambo ya barabara. Maofisa walitumia muda kubishana kama mbwa fulani ana kichwa na kifua cha pit bull au hana. Mwezi Novemba 2020 wapiga kura wa Denver waliifuta marufuku na kuweka utaratibu wa kibali badala yake, na Januari 2021 madiwani wa Aurora nao wakaifuta ya kwao.

Uingereza ilipitisha sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 ikitaja mbegu nne, na mwisho wa mwaka 2023 ikaongeza ya tano, XL Bully. Katika miaka hiyo yote idadi ya watu wanaolazwa hospitalini kwa kung'atwa na mbwa ilipanda badala ya kushuka. Uholanzi iliweka marufuku mwaka 1993 na kuitangaza kuwa haina faida mwaka 2008. Kwa ndugu zetu walioko Ghuba, Falme za Kiarabu zina sheria ya mwaka 2016 inayotaja mbegu kadhaa, lakini sheria hiyohiyo inamtaka kila mwenye mbwa wa aina yoyote amfunge kamba anapomtoa nje, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Uilete sheria ya namna ya Denver pale Kibondo mjini, uone itakavyokwama. Mbwa tulionao ni wa kienyeji: manyoya mafupi, rangi ya udongo au mabaka meusi na meupe, mkia uliojikunja au ulionyooka kutegemea alizaliwa kwa nani. Wamezaliana kwa karne nyingi bila cheti na bila daftari. Yule mwenye damu ya kigeni ni chotara wa kizazi cha pili au cha tatu, na jina la mbegu yake ni lile alilotajiwa mnunuzi na muuzaji. Nani ataamua? Ni mgambo mwenye kamba mkononi na mwenye mbwa mwenye noti mfukoni. Sheria inayotegemea jicho la mtu mmoja kupima pua na kifua cha mnyama ni mlango wa rushwa, na maskini ndiye atakayepoteza mbwa wake.

Halafu kuna swali la mbwa yupi hasa anayeng'ata. Mbwa wa thamani hufungiwa ndani ya ukuta. Anayekutana na wanafunzi kwenye njia ya shule alfajiri, anayezunguka machinjioni, anayemfuata mama shambani, ni huyu wa kienyeji asiye na kola. Tumezoea kumwita mbwa koko, kana kwamba hana mwenyewe, na hilo si kweli. Watafiti waliofanya kazi vijijini Tanzania kwa zaidi ya miaka 20 wamekuta tena na tena kwamba karibu kila mbwa anayezurura ana nyumba anayorudi jioni na mtu anayemtupia makombo ya ugali. Hili ndilo jambo la maana kuliko yote katika habari hii, kwa sababu mbwa mwenye nyumba anaweza kuletwa kwenye chanjo.

Hapo tunafika kwenye hatari yenyewe. Jeraha la meno ya mbwa mzima, hata liwe baya, hupona mara nyingi. Jeraha dogo kabisa kutoka kwa mbwa mwenye kichaa linaua. Virusi hupita kwenye neva polepole kuelekea ubongoni, safari inayochukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Dalili zikishaanza, mgonjwa akiogopa maji na kushindwa kumeza, hakuna dawa duniani ya kumrudisha. Duniani kote inakadiriwa watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka, na hadi 99 katika kila 100 wameambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 na kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Cleaveland yaliweka vifo karibu 1,500 kwa mwaka, wakati takwimu rasmi za miaka hiyo zilionyesha vifo kama kumi tu. Tofauti ilikuwa zaidi ya mara mia. Watu walikufa majumbani, wakazikwa, na hakuna aliyeandika chochote.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wanne katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa, na jeraha la usoni liko jirani na ubongo. Mtoto pia huficha. Alimtupia mbwa jiwe, au alipita mahali alipokatazwa, anaogopa fimbo, ananyamaza. Nawaomba wazazi wa nyanda hizi za juu wawaambie watoto wao leo, kabla hajang'atwa mtu, kwamba atakayesema hatachapwa.

Kinachotakiwa kufanywa ndani ya saa ya kwanza ni rahisi. Jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, sabuni yoyote, hata ya mche. Pilipili, majivu na mafuta ya taa havina kazi hapo. Kisha mgonjwa apelekwe haraka kwenye kituo chenye chanjo ya kichaa cha mbwa, na amalize dozi zote kwa tarehe alizopangiwa. Kwa jeraha kubwa huongezwa kingamwili zinazodungwa kuzunguka kidonda. Ukisema maneno haya mjini yanasikika mepesi. Yaseme Kitanga au Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi, na kila dozi inakuwa nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, siku ya kazi iliyopotea msimu wa kupanda, na bei ya chanjo yenyewe ikiwa ipo. Familia huuza debe la mahindi kwa dozi ya kwanza, jingine kwa ya pili, na wengine huishia hapo. Ndiyo maana nasema kinga ya binadamu inaanzia kwa mbwa. Dozi ya mbwa ni ya bei ndogo mno ikilinganishwa na za mtu, na mbwa mmoja aliyechanjwa hulinda kila anayepita njia yake.

Kuanzia mwaka 2002, Katie Hampson na wenzake walifuatilia kichaa cha mbwa Serengeti na Ngorongoro nyumba kwa nyumba, wakiuliza mbwa gani alimng'ata yupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yanapaswa kusomwa na kila diwani. Mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja tu na ushei. Kwa ugonjwa wa kuambukiza hiyo ni kasi ndogo sana, pungufu mara nyingi kuliko surua. Umbali kati ya mbwa anayeambukiza na anayeambukizwa kwa kawaida hauzidi kilomita moja. Ugonjwa wa namna hiyo unakatika mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, na chanjo ikirudiwa kila mwaka, kwa sababu mbwa wetu huishi muda mfupi na vitoto vipya huzaliwa kila msimu.

Kwa nini basi upo hadi leo? Kwa sababu wapo mbwa wachache wanaokimbia zaidi ya kilomita kumi wakiwa wagonjwa, na wapo watu wanaosafirisha mbwa kwa baiskeli, kwa lori na kwa mtumbwi. Ukiuzima moto kijiji hiki, cheche inakuja kutoka kijiji kile ambacho hakikuchanja. Mpaka wa halmashauri ndio mahali cheche hupita bila kuonekana, kwa sababu kila idara ya mifugo inaangalia ramani yake.

N'Djamena, mji mkuu wa nchi ya Chad, umelionyesha hili kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 2002 walijaribu kuchanja mbwa bure katika mitaa michache, na wengi mno walijitokeza. Mwaka 2006 wakajaribu kwa kumtoza mwenye mbwa, wakaambulia chini ya robo ya mbwa. Wakarudi kwenye chanjo ya bure kwa mji mzima mwaka 2012 na 2013, na maambukizi yakakatika kwa miezi kadhaa. Kisha ugonjwa ukarudi, nao ulitoka maeneo ya nje ya mji ambako hakuna aliyechanja. Mji ulikuwa umefanya kila kitu sawasawa, majirani hawakuwa wameanza.

Pemba imepitia habari kama hiyo, ila yenye mwisho mzuri. Mlipuko ulianza mwaka 2010, chanjo za mfululizo zikauondoa ugonjwa mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kuwa mkono wa binadamu ndio uliouvusha bahari. Kisiwa kikachanja tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kikawa safi. Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake wameieleza kazi hiyo kwa kina. Pemba ina bahari pande zote, na bado mbwa mgonjwa aliingia. Kati ya Kasulu na Kibondo kuna shamba la muhogo tu.

Ipo njia nyingine ambayo halmashauri nyingi nchini zimeizoea kuliko chanjo: kuua. Malalamiko yakizidi, hutolewa tangazo kwamba mbwa wote wanaozurura watapigwa risasi au kuwekewa sumu, na wiki moja baadaye mizoga inazikwa. Ni kazi inayoonekana, kwa hiyo inawaridhisha wanaolalamika. Matunda yake tunaweza kuyapima. Kisiwa cha Flores nchini Indonesia kilipata kichaa cha mbwa mwaka 1997, kikaua karibu nusu ya mbwa wake, na ugonjwa ukabaki. Bali ilifikiwa mwaka 2008, nayo ikaanza kwa kuua, ugonjwa ukasambaa kisiwa kizima. Ulianza kupungua baada ya chanjo ya kisiwa chote kuanza mwaka 2010.

Sababu si ngumu. Mwenye mbwa anayempenda, au anayemtegemea kulinda mbuzi, akisikia tangazo humpeleka kwa shemeji yake wilaya ya pili. Kama mbwa huyo ana virusi ambavyo bado havijaonyesha dalili, halmashauri imeshausafirisha ugonjwa kwa mkono wake yenyewe. Wanaobaki barabarani na kuuawa ni pamoja na wale waliochanjwa mwaka jana, waliokuwa ngao. Nafasi yao inajazwa na vitoto visivyo na kinga. Ni jambo lilelile la barabara ya Sheridan: sheria kali ya upande mmoja inamhamisha mbwa, na kwetu mbwa anayehama anaweza kuwa amebeba kifo.

Tukubaliane basi kwamba Kasulu Mji, Kasulu Wilaya na Kibondo zinahitaji sheria ndogo zinazosema jambo moja kwa maneno mamoja. Mbwa aandikishwe kwa mtendaji, achanjwe kila mwaka, afungwe au awe ndani ya uzio mchana, na mwenye mbwa aliyeng'ata mtu agharimie matibabu. Mbwa aliyeng'ata azuiliwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Asiuawe papo hapo na kutupwa, kwa sababu akibaki mzima siku hizo kumi daktari anajua kuwa siku ile ya kung'ata hakuwa na virusi mateni. Pande zote zitambue kadi moja ya chanjo, ili mbwa wa Kitahana akikutwa Makere asomeke kuwa amechanjwa.

Kuna kishawishi kimoja ambacho naona lazima kitajwe. Sheria ndogo zetu nyingi hutungwa zikiwa na jicho kwenye mapato. Ada ya mbwa inaonekana chanzo kizuri: mbwa ni wengi na wenye nyumba wanajulikana. N'Djamena inatufundisha kuwa ada hiyo ingeua kampeni nzima. Mama mwenye mbwa wawili na watoto watano hatalipa; atawafukuza mbwa hao wawe koko kwelikweli, au atawakana mbele ya mtendaji. Faini iwepo kwa mzembe ambaye mbwa wake ameumiza mtu. Chanjo na kuandikisha viwe bure, na fedha zitoke kwenye bajeti ya afya na mifugo kwa pamoja, kwa kuwa kila mbwa aliyechanjwa anapunguza chupa za chanjo ya binadamu ambazo hospitali ya wilaya ingelazimika kuagiza.

Wataalamu wa mifugo husema pia kuwa ubaridi ni tatizo, kwamba chanjo huharibika kabla haijafika Rungwe Mpya au Busunzu. Tatizo hilo limepata jibu hapahapa nchini. Majaribio yaliyoongozwa na Felix Lankester yalionyesha mwaka 2016 kwamba chanjo ya mbwa aina ya Nobivac ikikaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi joto 30, bado inamkinga mbwa kama kawaida. Ahmed Lugelo na wenzake wakatengeneza chombo cha kupoozea kinachotumia udongo na maji yanayopotea kwa hewa, kwa kanuni ileile ya mtungi wa maji ya kunywa, kisichohitaji umeme. Kwa hewa ya baridi ya Kasulu na Kibondo, chombo cha aina hiyo kina kazi rahisi kuliko kilivyokuwa nayo kwenye joto la nyanda za chini. Kijana mmoja wa kijiji akifundishwa kudunga sindano, akaachiwa chupa zake ndani ya chombo hicho, halazimiki kungoja gari la wilaya. Anaweza kuvifuata vitoto vilivyozaliwa baada ya kampeni, na huko ndiko kinga ya asilimia 70 inakovuja.

Kenya ilipoandika mkakati wake wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030 ilianza na kaunti za mfano, na miongoni mwazo ni Makueni na Machakos zinazopakana. Sisi pia tulishawahi kufanya kazi ya pamoja: kati ya mwaka 2010 na 2015 wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, pamoja na Pemba, zilichanja chini ya mradi mmoja. Kigoma haikuwemo. Ni mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya mwaka 2022, wenye mpaka mrefu na Burundi, wenye kambi za wakimbizi na magari yanayokwenda na kurudi kila siku. Sioni sababu ya kuendelea kungoja mradi wa wafadhili wakati halmashauri hizi tayari zina maafisa mifugo na watendaji wa vijiji wanaojua nani ana mbwa.

Wakati mzuri wa kuchanja kwetu unajulikana. Mvua hukatika mwezi Mei, barabara za vijijini hukauka, maharage yameshavunwa, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai mosi. Wanafunzi ndio wanaoleta mbwa kwenye chanjo, wakiwa wamewafunga kwa kamba za katani, kwa sababu mbwa huwatii wao kuliko baba zao. Kwa hiyo tangazo lipite shuleni kwanza. Tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha siku ya kichaa cha mbwa, na kufikia siku hiyo kazi iwe imekwisha, badala ya kuanza siku hiyo kwa hotuba.

Kwa utaratibu wa bajeti zetu, hesabu za mwaka unaofuata hupangwa kuanzia Desemba hadi Machi. Wakurugenzi watatu wanaweza kukaa meza moja kabla ya hapo, wakawaalika wenzao wa Kakonko na Buhigwe, na kila mmoja akaandika kifungu kilekile kwa wiki ileile. Waanze na vijiji vya mpakani, siku moja pande zote mbili za mstari, kisha ndipo warudi ndani kuelekea mjini.